Nyavu za nani? Mkanda wa Kouri ulivyosomwa barazani Lamu

Sauti ilitufikia baada ya Isha, kwenye kundi la WhatsApp la wavuvi wa mtaa wetu. Ilikuwa ya dakika moja na ushei. Mwanamume ambaye tunaijua sauti yake, kwa kuwa ametuhutubia mara nyingi hapo Mkunguni mbele ya ngome, anasikika akimwambia mwenzake: "Hao niachie mimi. Mambo ya fidia nitayapoza." Wa pili anacheka kidogo, anasema neno lisilosikika vizuri, na sauti inakatika hapo.

Msemaji ni mwanasiasa wa upinzani wa pande zetu. Jina lake silitaji, na huko mbele itaonekana kwa nini. Anayezungumza naye alidaiwa kuwa ofisa wa serikali. Kabla ya buli la kahawa kuzunguka mara ya pili, baraza lilikuwa limegawanyika. Vijana walisema ameuzwa. Wazee wawili walisema sauti siku hizi zinaundwa na kompyuta, mtu anawekewa maneno ambayo hajawahi kuyatamka. Mmoja akasema hata kama ni yeye, "kupoza" si kuuza, maana hata daktari hupoza homa.

Kwa mtu wa mbali huu unaweza kuonekana ugomvi mdogo. Kwetu haukuwa mdogo. Neno fidia hapa Lamu limebeba miaka. Ujenzi wa bandari ya LAPSSET, mradi wa serikali wa bandari na barabara za kuunganisha Lamu na nchi jirani, ulipoanza Manda Bay, wavuvi walipoteza maeneo yao ya kuvulia, wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tangu hapo kila familia ya pwani hii ina mtu anayefuatilia orodha, saini na mikutano. Anayepewa kazi ya kusema kwa niaba ya wavuvi ameshika kitu kizito kuliko kiti chake. Kwa hiyo swali lililokuwa mbele yetu usiku ule lilikuwa moja: huyu tuliyemtuma kupambana na serikali, je, anafanya kazi ya serikali?

Mimi nimesomesha historia kwa miaka mingi, na nilipoona sauti zinapanda niliwaomba wanisikilize kidogo. Niliwaambia kuna kisa kimoja cha rikodi kama hii ambacho kilifika mwisho, mkanda ukaonekana, aliyesemwa akajitetea, na mahakama ikahukumu. Kilitokea Peru, Amerika Kusini, nchi ya pwani ambayo ni miongoni mwa nchi zinazovua samaki wengi zaidi duniani. Nitakieleza hapa kwa urefu, kwa sababu ndicho kilichotuongoza.

Alberto Fujimori alichaguliwa kuwa rais wa Peru mwaka 1990. Aprili 1992 alilivunja bunge akiungwa mkono na jeshi. Akapata muhula wa pili mwaka 1995, na mwaka 2000 akautaka wa tatu. Mpinzani wake mkubwa, Alejandro Toledo, alijitoa kwenye duru ya pili akisema uchaguzi hauendeshwi kwa haki, na Fujimori akatangazwa mshindi. Lakini bungeni hesabu ilimkataa. Viti vilikuwa 120, na muungano wake wa Perú 2000 ulipata 52. Kupitisha jambo lolote kulihitaji 61. Wapiga kura walikuwa wamemnyima kile alichokitaka kwa tofauti ya watu 9.

Mtu wa kuwapata hao 9 alikuwapo. Vladimiro Montesinos alikuwa mshauri wa rais, na ndiye aliyeiendesha idara ya ujasusi, SIN, ingawa kwa cheo hakuwa mkuu wake. Kati ya uchaguzi wa Aprili na kuapishwa mwishoni mwa Julai, wabunge wa upinzani walianza kuhamia upande wa serikali, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Nchi nzima iliona wakihama, na nchi nzima ilishuku. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Mmoja wao alikuwa Alberto Kouri, aliyechaguliwa kwa tiketi ya Perú Posible, chama cha Toledo. Alisimama kwenye kampeni kama mpinzani na watu wakampa kura kama mpinzani, kisha akahama.

Septemba 14, 2000, wanasiasa wa chama kidogo cha upinzani waliwaita waandishi wa habari wakawaonyesha mkanda wa video. Ndani yake yumo Montesinos ofisini kwake, na mbele yake ameketi Kouri. Wanazungumza juu ya kuhama chama, na wanazungumza juu ya kiasi. Kisha Montesinos anatoa fedha, dola 15,000 kwa jumla, na Kouri anazipokea na kuzitia ndani ya koti. Hakuna vitisho wala kelele. Nilipowaeleza barazani, nahodha mmoja mzee ambaye wote tunamwita Ami aliuliza, "Hawakufunga hata mlango?" Mlango ulifungwa. Kamera ilikuwa ya mwenye nyumba.

Hapo ndipo pa kukaa kidogo. Aliyerikodi alikuwa Montesinos mwenyewe. Mkanda huo ulikuwa mmoja kati ya mamia. Alirikodi wanasiasa, majaji, wafanyabiashara na wenye vituo vya televisheni waliopita ofisini mwake, na wengine aliwatilisha saini kwenye mikataba na stakabadhi. Mtu anaweza kushangaa kwa nini mhonga awekee ushahidi kosa lake mwenyewe. Sababu ni kwamba fedha humalizika na shukrani husahaulika, lakini picha inabaki. Mbunge aliyepokea dola 15,000 mwezi Mei anaweza kubadili nia mwezi Oktoba. Mbunge anayejua kuwa mkanda wake uko kabatini habadili nia. Rikodi ilikuwa hatamu. Haikukusudiwa kuonekana na umma hata siku moja, na ilipotoka ilitoka kwa sababu watu wa ndani walimgeuka mwenye kabati.

Sasa utetezi. Kouri hakukana kuwa ni yeye, maana uso wake ulikuwa pale. Alisema fedha zile zilikuwa mkopo. Alisema alitaka kununua lori lenye jokofu ili awapelekee samaki watu maskini.

Nilipolisema hili, nilidhani baraza litapiga kelele. Hawakupiga. Waliokuwa wameketi pale ni watu ambao samaki wao huvushwa hadi Mokowe ndani ya masanduku ya barafu na kupandishwa magari kwenda Malindi na Mombasa, na wanajua barafu ikiisha njiani kazi ya usiku mzima inakuwa uvundo. Lori la jokofu ni jambo la maana kabisa. Kijana mmoja alisema waziwazi, "Kwa hilo mimi ningemwamini." Na nadhani ndivyo Kouri alivyokusudia. Uongo mzuri haukatwi kutoka hewani, unakatwa kwenye haja ya kweli ya watu wa kweli.

Ami ndiye aliyeufungua. Aliuliza maswali ambayo ni ya mtu aliyekopa maisha yake yote. Lori liko wapi? Bei yake ilikuwa ngapi? Mdhamini alikuwa nani? Tarehe ya kulipa ni lini? Na tangu lini idara ya ujasusi ikawa mahali pa kukopa pesa za biashara ya samaki? Kisha akasema neno ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote: "Basi tuseme kweli ni mkopo. Ndiyo mbaya zaidi."

Wasiokaa pwani huenda wasielewe mara moja, kwa hiyo nitaeleza. Mvuvi asiye na mtaji humwendea tajiri wa samaki. Tajiri humpa nyavu, au mashine ya boti, au pesa za mafuta. Hakuna riba iliyoandikwa. Sharti ni moja: samaki wako wote utaniuzia mimi, kwa bei nitakayoitaja mimi. Siku ukiuza kwingine, deni lote linadaiwa pale pale ufuoni. Mvuvi huyo anakwenda baharini mwenyewe, anashika usukani mwenyewe, anachagua mwamba wa kuvulia mwenyewe, na mtu akimwona kwa mbali atasema ni mtu huru. Lakini samaki si wake. Kwetu ukitaka kujua hali ya mvuvi huulizi amevua nini, unauliza anavua kwa nyavu za nani.

Kwa kipimo hicho, utetezi wa Kouri unamhukumu wenyewe. Ikiwa ni hongo, ameuza kura. Ikiwa ni mkopo kutoka kwa mtu anayeihitaji kura yake, basi kila kura atakayopiga tangu siku hiyo imeshawekwa rehani. Vyovyote iwavyo, watu waliomtuma bungeni hawana tena mtu wao.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi ambayo hata mimi, niliyekisomesha kisa hiki mara nyingi, bado inanishangaza. Mkanda ulirushwa kwanza na Canal N, kituo kidogo cha kebo chenye watazamaji wachache wanaolipia. Vituo vikubwa vilikuwa vimeshanunuliwa. Wanauchumi waliochambua hesabu za Montesinos baadaye waligundua kwamba hongo ya mwenye kituo cha televisheni ilikuwa kubwa mara 100 hivi kuliko ya mwanasiasa, na mwanasiasa alilipwa zaidi kidogo kuliko jaji. Hiyo ndiyo orodha ya hofu zake. Hakuwaogopa sana wabunge wala mahakama. Aliogopa watu wasije wakaona. Na kituo kimoja alichokiona kidogo mno kukinunua ndicho kilichomwangusha.

Siku 2 baada ya mkanda kuonekana, Septemba 16, Fujimori alitangaza uchaguzi mpya ambao yeye hatagombea, na kwamba SIN itavunjwa. Novemba alikwenda Japani na kutuma barua ya kujiuzulu kwa faksi. Bunge lilikataa kujiuzulu kwake na Novemba 21 likamwondoa lenyewe. Montesinos alikimbia, akakamatwa Venezuela mwezi Juni 2001. Kouri alihukumiwa kifungo cha miaka 6.

Hadi hapo vijana waliona kisa kimewaunga mkono. "Si umeona mwalimu, rikodi ilitoka na mtu akaenda jela. Na huyu wetu je?" Ilibidi niwarudishe nyuma, na hapa ndipo nilipohitaji kusema jambo ambalo halikumpendeza mtu yeyote usiku ule.

Mkanda wa Kouri haukuleta shutuma mpya. Kuhama kwake kulikuwa tayari kitendo cha wazi, kilichoandikwa bungeni. Watu walijua alichofanya, wakakosa kujua kwa nini. Mkanda ukajaza nafasi hiyo tu: mwezi, mahali, kiasi, mkono uliotoa na mkono uliopokea. Na ulikuwa na mwanzo na mwisho. Kile tulichokuwa nacho sisi kwenye simu kilikuwa kinyume chake. Sauti isiyo na tarehe, isiyo na mahali, isiyo na mwanzo. Nani aliirikodi? Kama ni ofisa, kwa nini aitoe sasa? Kama Montesinos alivyotufundisha, mwenye kushika hatamu haiachii hadharani ila ana sababu. Huenda mtu wetu amenunuliwa. Huenda aliwahi kuahidi na sasa amegoma, na hii ndiyo adhabu yake. Huenda hakuahidi kitu, na kuna anayetaka wavuvi wamfukuze wenyewe ili kazi ya fidia ikose msemaji. Sauti ile peke yake inaweza kubeba maelezo yote matatu bila kupasuka.

Kuna aliyesema, na alisema kwa uchungu, kwamba hata neno upinzani limekwisha maana. Machi 9, 2018 Uhuru Kenyatta, aliyekuwa rais, na Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, walipeana mikono mbele ya Harambee House, ofisi ya rais Nairobi, na Machi 7, 2025 Raila akatia saini mkataba na Rais William Ruto pale KICC, ukumbi wa mikutano wa Nairobi. Sasa mpinzani mdogo wa Lamu akizungumza na ofisa, kosa liko wapi? Nililiona swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba yale yalifanywa mchana. Mkataba wa 2025 ulisomwa hadharani, ukawa na hoja zake, na aliyeupinga alijua anapinga nini. Mtu anaweza kukubaliana na serikali leo na kuwa bado ni mtu wa waliomtuma, mradi waliomtuma wanayajua makubaliano. Kinachoua uwakilishi ni masharti ambayo upande mmoja tu unayajua.

Sheria yetu haisaidii sana katika hili. Mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga alipotoka chama tawala cha KANU na kuunda chama cha upinzani cha KPU, katiba ilibadilishwa haraka ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Ibara ya 103 ya Katiba ya 2010 inaendeleza wazo hilo, kwamba ukijitoa kwenye chama kilichokuingiza bungeni unapoteza kiti. Yote hayo yanamkamata anayehama. Hayamgusi anayebaki kitini, amevaa kofia ya chama chake, huku akivua kwa nyavu za mwingine. Na kwa upande wa pili, Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018 iliweka adhabu kwa anayesambaza habari za uongo akijua ni za uongo, na faini yake iliweza kufika shilingi milioni 5. Niliwaambia vijana wasiipeleke sauti ile mbele zaidi mpaka tujue ni nini. Wengine walikuwa wameshaipeleka.

Tulichoamua kilikuwa cha kizamani kabisa: kumwita. Alikuja Ijumaa baada ya Alasiri, akaketi mkekani, akanywa kahawa. Kijana aliyekuwa na hasira kuliko wote alitaka aulizwe kama sauti ni yake. Ami alimwomba asubiri. Alimgeukia mgeni akamwuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomwuliza mwanawe: "Baba, huyo bwana akikwambia kesho uiache barua ya wavuvi ya fidia, una deni gani kwake la kukuzuia usimwambie hapana?"

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema sauti ni yake, ila imekatwa, na kwamba alikuwa akiomba muda watu wasiandamane wakati mazungumzo yanaendelea. Kama angeishia hapo, mimi ningempa faida ya shaka. Lakini swali la Ami lilikuwa bado limekaa pale mkekani, na nadhani alihisi macho yote. Akasema mdogo wake alipata kazi mwaka uliopita, na ofisa yule ndiye aliyesaidia. Akaongeza haraka kwamba hakuahidi kitu chochote.

Nilimwamini. Naamini hakuna aliyemwambia "nipe hiki nikupe kile." Montesinos alihitaji kuhesabu noti kwa sababu alikuwa na miezi michache tu. Kwetu mambo huenda polepole, mtu anakufanyia wema, hasemi neno, na siku moja anakupigia simu. Tajiri wa samaki naye hasemi neno siku anayokupa nyavu.

Baadhi ya wenzangu walitaka afukuzwe pale pale na wengine walitaka yaishe kwa sala. Rai yangu, niliyoitoa mbele yake, ilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kumwita msaliti, na kwa sababu hiyo jina lake lisichafuliwe nje ya baraza lile. Lakini mtu mwenye deni hilo hawezi kwenda peke yake kwenye meza ya fidia, hata kama moyo wake ni safi, kwa sababu hata yeye hatajua siku hiyo anamsemea nani. Tukateua wavuvi wawili wa kufuatana naye kila mkutano, na barua itakuwa na saini tatu. Alikubali. Aliona uchungu, na hakuuficha.

Mazungumzo yote ya Alasiri ile tuliyarikodi, simu ikiwa katikati ya mkeka, kila mtu akiiona, naye akiwa wa kwanza kukubali. Yana dakika 52. Yanaanza na salamu na yanakwisha kwa adhana ya Magharibi, na mvuvi yeyote akiyataka anapewa yote.